Barua kwa mwanangu, kabla hujailipia hiyo fiksi

Mwanangu,

Picha za baiskeli ulizonitumia jana usiku, ile nyeusi ya fiksi (gia moja, pedali haziachani na gurudumu la nyuma) na ile ya bluu yenye gia, nimezipata. Nimezitazama leo asubuhi nikiwa na miwani, na picha ya tatu, ya hiyo fiksi, nimeikuza mpaka ikawa ukungu mtupu. Fremu ni nzuri, sikatai. Nyeusi isiyong'aa, haina gia, haina hata waya mmoja, imetulia kama kichwa kilichonyolewa sasa hivi. Naona kwa nini imekuingia moyoni. Ila mnyororo wake umelegea, unaning'inia upande wa chini kama kamba ya kuanikia nguo. Halafu mbele hakuna breki, wala nyuma. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote.

Kuna jambo sikuwahi kukwambia. Kabla hujazaliwa nilikuwa napeleka vifurushi mjini kwa baiskeli, na mwaka wangu wa mwisho kazini niliendesha fiksi. Haikuwa na breki, kama hiyo yako. Niliivua mwenyewe, kwa sababu wenzangu wote walikuwa wamevua. Kwa hiyo raha yake naijua. Sproketi ya nyuma, kile kigurudumu cha meno kinachoshika mnyororo, imeshikamana na gurudumu; friwili, kile kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke pedali zikiwa zimetulia, hakuna, basi gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka, utake usitake. Baada ya wiki mbili unaacha hata kuifikiria. Ukipunguza kukanyaga kidogo tu, baiskeli inakutii. Kwenye foleni unakwenda pole kama mtu anayetembea, na mguu huweki chini. Matunzo yake pia ni machache: unafuta mnyororo, unatia mafuta, unaondoka.

Sasa lile donge begani mwangu ulilokuwa ukilibonyeza ulipokuwa mdogo. Nilikwambia nilianguka kwenye ngazi. Nilikudanganya, baba. Asubuhi moja nilikuwa nateremka mlima mrefu, mzigo mgongoni, nikizuia kwa miguu kama kawaida. Mnyororo ulikuwa umelegea tangu wiki iliyotangulia, na kila jioni nilijiambia nitaukaza kesho. Nikapita juu ya mfuniko wa chuma, baiskeli ikaruka kidogo, nikasikia mlio mmoja, tak, na hapohapo pedali zikawa nyepesi. Miguu ikazunguka bure. Mnyororo ulikuwa umetoka, na breki yangu pekee imekwenda nao. Nakumbuka vidole vyangu vikijikunja hewani kuutafuta mkono wa breki nilioufungua mwenyewe miezi michache kabla. Nikaelekeza usukani kwenye majani kando ya barabara, ukuta ukanipokea. Mtulinga ukavunjika. Na hapo nilikuwa na bahati, kwa sababu mnyororo ukitoka unaweza pia kunasa nyuma na kulikwamisha gurudumu palepale.

Hata usipotoka, miguu peke yake haitoshi. Unaposimama ghafla, uzito wako wote unakwenda mbele. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, linateleza badala ya kushika. Kwenye lami kavu, breki nzuri ya mbele inakusimamisha kwa takriban nusu ya umbali ambao ungeuhitaji kwa gurudumu la nyuma tu. Vijana watakwambia baiskeli za uwanja wa mbio hazina breki. Ni kweli, na Wajapani wanakimbiza keirin, mbio zao za baiskeli uwanjani, hivyohivyo tangu 1948. Lakini uwanjani wote wanaelekea upande mmoja. Hakuna basi linalosimama bila taarifa, hakuna anayefungua mlango wa gari huku anaongea na simu. Uingereza sheria inataka mifumo miwili ya breki, mmoja kwa kila gurudumu. Gurudumu la nyuma la fiksi linahesabiwa kuwa mmoja, wa mbele lazima uufunge. Mimi nakutaka hivyohivyo, iwe sheria ya huko uliko inasema au haisemi. Breki moja ya mbele, waya mmoja. Urembo wa baiskeli yako utabaki.

Umeniuliza uchukue hii au ile ya bluu yenye gia. Jibu lipo kwenye njia unayopita, halipo kwenye picha. Ukikaa mahali tambarare na safari zako ni fupi, fiksi itakutosha. Kama kuna kilima cha kupanda kila jioni, chukua ya gia. Hakuna aliyepewa nishani kwa kusukuma baiskeli kwa mguu. Hata mabingwa wa zamani walioendesha gia moja hawakuwa na hiari. Mashindano ya Tour de France yalianza 1903, na mpaka 1937 waandaaji walikuwa hawajaruhusu mtambo wa kuhamisha mnyororo. Mwendeshaji akifika chini ya mlima alishuka, akafungua gurudumu la nyuma, akaligeuza kushoto liwe kulia, maana kila upande ulikuwa na sproketi yake, akafunga, akaendelea. Siku waliporuhusiwa gia hakuna aliyelia.

Muuzaji wa hiyo nyeusi ameandika meno 48 mbele na 16 nyuma. Gawanya: tatu kamili. Kwa tairi la milimita 28, kila mzunguko wa pedali unakupeleka kama mita 6.4. Barabara ikiwa wazi utafurahi, lakini kila taa za barabarani zikiwaka kijani utaondoka kama unavuta mkokoteni, na magoti yako yatalipa. Kuna ubaya mwingine ambao hatakutajia. Kwa kuwa hesabu inatoka sawasawa, kila unapoikwamisha miguu ili gurudumu liteleze, mguu uleule ukiwa mbele, tairi linagusa lami mahali palepale. Mahali hapo pamoja ndipo panapolika, siku si nyingi unaona nyuzi. Sasa badilisha sproketi ya nyuma tu, iwe ya meno 17. Arobaini na nane kwa kumi na saba haigawanyiki, hivyo mahali pa kusugua panakuwa kumi na saba badala ya mahali pamoja tu. Gurudumu litasogea mbele kama milimita tatu, basi. Jino moja tu! Hesabu hii nilionyeshwa na fundi mmoja mzee kwa chaki sakafuni, na mpaka leo naiona tamu.

Mwulize pia kuhusu ringi ya kufungia sproketi. Sproketi yenyewe inakazwa kwa kuzungusha kulia kama nati ya kawaida, ndiyo maana ukizuia pedali kwa nguvu unaifungua. Ringi inayoishika inakazwa kinyume, kushoto, ili sproketi ikitaka kufunguka ringi izidi kubana. Kuna watu wanachukua gurudumu la friwili la zamani, wanafunga sproketi bila ringi, wanakuuzia wakiita fiksi. Ukiona hakuna ringi, rudi nyumbani.

Ile ya bluu nayo ikague. Beba rula yenye inchi. Hesabu pini za mnyororo: kutoka pini ya kwanza hadi ya ishirini na tano, kati hadi kati, mnyororo mpya una inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umechoka. Ukizidi kwa sehemu moja ya nane, jua umeshakula na sproketi, utanunua vyote, na hiyo uitoe kwenye bei. Kisha pitisha kidole chini ya bomba kubwa la fremu, karibu na shingo ya usukani. Taratibu, ukiwa umefumba macho ikibidi. Ukihisi rangi imekunjamana au pametuna, baiskeli iligonga kitu uso kwa uso, haidhuru imepakwa rangi nzuri namna gani. Mwambie alegeze bolti ya siti aipandishe na kuishusha mbele yako; bomba lililogandamana na fremu ni ugomvi usioutaka. Mwisho igeuze, uangalie namba ya fremu pale ekseli ya pedali inapopita. Ikiwa imekwanguliwa, shukuru kwa muda wake uondoke. Baiskeli ya wizi siitaki nyumbani kwangu.

Zote mbili, panda. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ndio urefu wa siti wa kuanzia. Fremu isiyokutosha haitengenezwi kwa kubadilisha vipuri, na bei rahisi haiipunguzii sentimita hata moja.

Kuhusu kuiboresha, nakujua. Utataka magurudumu kwanza, yale yenye ukingo mrefu yanayovuma. Subiri. Anza na matairi mazuri, ya 28 kama fremu na breki vina nafasi, na usiyajaze mpaka ile namba ya juu iliyoandikwa ubavuni. Ile ni ukomo, hujaamriwa uifikie. Halafu raba za breki. Halafu siti, maana hapo ndipo utakaa. Kabla hujanunua gurudumu lolote pima nafasi ya nyuma ya fremu: fiksi nyingi ni milimita 120, za gia za mbio za barabarani zenye breki za kubana ukingo wa gurudumu ni 130 kwa nyingi za miaka ya karibuni, na moja haikai kwa mwenzake kwa kulazimisha. Usimsikilize anayekuuzia bomba la kaboni kwa sababu limepunguza gramu mia. Chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo. Kunywa maji kabla ya kuondoka, umeshapata kaboni yako.

Jambo moja nakuomba kama mama. Kwenye fiksi usifute mnyororo huku umezungusha gurudumu. Kwenye baiskeli ya friwili kidole kikinaswa, vitu vinaweza kusimama. Kwenye fiksi gurudumu linaendelea na mwendo wake, mnyororo unalifuata, kitambaa kinaingia kwenye sproketi na kidole kinafuata kitambaa. Watu wamepoteza vidole hivyo. Simamisha gurudumu kabisa, shika kitambaa kwenye kipande cha chini cha mnyororo, futa, toa kitambaa, sogeza, futa tena. Kamba za viatu nazo ziingize ndani.

Barabarani una akili, sitakuchosha. Acha nafasi ya mlango mzima unapopita magari yaliyoegeshwa, na lori linalotaka kukata kona usijipenyeze ubavuni mwake hata kama kuna njia, dereva hakuoni. Reli uzikate kwa kunyooka. Na kufuli lipite kwenye gurudumu la nyuma na fremu kwa pamoja, si gurudumu la mbele peke yake, maana utarudi ukute gurudumu limefungwa kwa uzuri na baiskeli haipo.

Ile breki niliyoivua bado ninayo. Iko kwenye kopo la misumari, nimeisugua leo na chuma chake bado kinang'aa, waya tu ndio utanunua mpya. Inafika kati ya milimita 47 na 57. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, fanya hivi: angalia kama uma wa mbele una tundu la breki juu ya gurudumu, maana mingine ya uwanjani haina kabisa, na kama haina, fremu hiyo muachie mwenyewe. Ikiwa lipo, pima kutoka katikati ya tundu kushuka hadi katikati ya ukingo wa gurudumu, pale raba zitakapobana. Pima mara mbili, unitumie hiyo namba. Ikiingia humo, kesho naifunga kwenye bahasha.

Mama yako