Kwa Baba na Mama, Temeke

Hastings, Uingereza

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Mimi na watoto ni wazima, hofu yetu ni kwenu, hasa goti la Mama. Dada amenieleza kwamba maji yameingia tena uani na jiko mmelihamishia korido. Poleni sana. Hela ya mtaro nimeshamtumia, fundi aanze hata kesho.

Ama baada ya salamu, nina jambo ambalo sikutaka mlisikie kwa mtu mwingine. Nataka kununua nyumba huku Hastings. Ni mji wa pwani, kusini mashariki mwa Uingereza, na kilichonivuta ni wavuvi wake. Boti zao huziburuta mpaka juu ya kokoto za ufukweni, na karibu yake vimesimama vibanda vyeusi vya mbao, virefu na vyembamba, walivyokuwa wakitunzia nyavu. Asubuhi ukipita hapo, Mama, harufu ni ile ile ya soko la samaki la Feri uliyokuwa ukirudi nayo kwenye kanga.

Nyumba yenyewe ni ya matofali, ya karne ya 19, vyumba viwili chini na viwili juu. Bei imeshuka kwa sababu inaumwa. Baba, ungekuwepo ungekwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa sebule, ukagonga kwa kifundo cha kidole kama ulivyozoea, na ungesikia nilichosikia: lipu inalia kama debe tupu. Niliibonyeza kidogo chini ya dirisha, kikadondoka kipande cha ukubwa wa sahani. Nyuma yake tofali limelowa, limeota unga mweupe wa chumvi.

Mkaguzi niliyemlipa ameeleza chanzo. Kuta za nyumba hizi za zamani hazina uwazi katikati kama za siku hizi, na matofali yameshikwa kwa chokaa. Mvua ikilowesha ukuta, unyevu hutoka nje kupitia ile chokaa, upepo ukaukausha. Sasa kuna fundi, miaka ya nyuma, aliziba viungo vya nje kwa saruji, na ndani akapiga lipu ya saruji. Maji yakipenya kwenye nyufa hayana pa kutokea, yanabaki kulila tofali.

Nilipomaliza kusoma ripoti yake, Baba, nilikukumbuka ulivyonisimamisha mbele ya Boma la Kale, pale Barabara ya Sokoine, ukaniwekea kiganja ukutani. Ukaniambia ni mawe ya matumbawe na chokaa, enzi za Sultani Majid, miaka ya 1860, na kwamba ukuta wa namna ile ukiupaka saruji unaufunga pumzi. Nilikuwa darasa la tano, nikitaka twende tukanywe maji ya dafu. Leo maneno yale yale nimeyakuta kwenye ripoti ya mkaguzi wa Kizungu.

Kazi nitaianza majira ya kuchipua, maana chokaa mbichi ikipigwa na barafu inaharibika. Tutabandua saruji yote taratibu bila kuvunja matofali, halafu tupige chokaa tabaka kwa tabaka, kila moja lingoje la chini yake lishike. Paa lina vigae vilivyoteleza, kenchi ni nzima. Ninachotaka kwako ni hiki: ulikuwa ukimwagia ukuta maji kabla ya lipu. Hapa penye chumvi nifanye vilevile, au kwanza niuache ukauke na niipige brashi ile chumvi? Nirekodie sauti kwa simu ya Dada, nieleze kwa kirefu. Picha za ukuta nimeziambatanisha.

Mama, najua unawaza kiwanja cha Kigamboni. Hakiuzwi. Sinunui huku ili nisirudi. Kodi ninayolipa kila mwezi inanimaliza, na watoto wamehamishwa shule mara tatu kwa sababu ya nyumba za watu. Mwambie mdogo wangu avuke na pantoni akague bikoni zote nne na afyeke majani, nitamlipa.

Kwa sheria za huku, kabla muuzaji na mnunuzi hawajabadilishana mikataba iliyosainiwa, kila upande unaweza kujitoa. Tukibadilishana natoa asilimia 10 ya bei, na nikijitoa baada ya hapo inapotea. Wakili anangoja jibu langu Ijumaa. Sitasaini kabla sijawasikia nyinyi wawili.

Watoto wanawasalimu. Wa mwisho anauliza kama Bibi atakuja na kanga zake.

Mwanenu awapendaye