YAH: Kelele za upepo ndani ya gari na matundu ya milango mliyoyaziba

Meneja,

Baada ya salamu, nawaandikia kuhusu gari langu mlilolishughulikia hapa Mtwara mjini kwa shilingi 650,000, kazi mliyoiita "kutuliza kelele". Nakala ya risiti nimeiambatisha.

Nilipolileta nilieleza vizuri tu: nikivuka kilomita 80 kwa saa naanza kusikia mluzi upande wa dereva, usawa wa sikio, na haubadiliki lami iwe laini au ya viraka. Kelele za matairi hubadilika barabara inapobadilika. Huu ulikuwa upepo. Hata hivyo hakuna fundi wenu aliyepanda gari akausikiliza. Mling'oa kapeti, mkabandika karatasi za lami sakafuni na milangoni, mkanikabidhi ufunguo.

Karatasi hizo kazi yake ni kupunguza mtetemo wa bati. Upepo unaopenya kwenye raba za kuzunguka milango haziujui. Mluzi uko palepale, na mama mkwe akikaa nyuma bado tunaongea kwa kupayuka hadi Masasi.

Nililipima mwenyewe. Nilibana karatasi ya daftari kwenye mlango wa dereva, nikaivuta. Pale juu karibu na kioo cha pembeni ikachomoka bila kukwama. Kisha nikabandika tepu ya wapiga rangi kwa nje, kuzunguka mwanya wa mlango huo, nikaingilia mlango wa abiria (majirani walicheka sana) na kuelekea Mikindani. Mluzi haukusikika. Ni raba imechoka, basi.

Linalonikera zaidi ni milango. Maji ya mvua huteremka kando ya kioo hadi ndani ya mlango, yakatokea kwenye matundu yaliyoachwa chini na kiwanda. Ninyi mmeyaziba yote kwa karatasi zenu. Sasa mvua ikinyesha, nikifunga mlango nasikia maji yakicheza ndani. Hapa ni pwani, bati linaliwa na chumvi hata likitunzwa. Likikaa na maji litaoza kuanzia chini.

Tena karatasi yenyewe si ya butili (aina ya mpira unaonata) kama ilivyoandikwa kwenye risiti. Ni ile ya kuzibia paa linalovuja. Gari likikaa juani linanuka lami mpaka kichwa kinauma.

Naomba matundu yafunguliwe mara moja, raba ya mlango wa dereva ibadilishwe kwa gharama zenu, karatasi za lami zitolewe na fedha ya vifaa irudishwe. Nawapa siku 14. Zikipita kimya, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Gari nitalileta mwenyewe. Ila kabla hamjashika bisibisi, fundi apande kwanza, twende naye barabarani asikie.

Mteja wenu,
(jina na namba ya gari vipo kwenye risiti)