Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kuzindua Ukuta wa Waliotangulia

Mheshimiwa Hakimu, mgeni wetu wa heshima,
Mwalimu Mkuu,
Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wazee wetu mliotoka Nessuit na Mariashoni,
Wanafunzi wenzetu,
Hamjambo!

Mheshimiwa, karibu Njoro. Mvua ya jana jioni ilitutia tumbo joto, kwa sababu barabara ya kuingia kwetu ikishalowa haimjui hakimu wala mwenye mkokoteni. Umefika, tunashukuru. Desturi ya risala ni kukueleza kwanza chama kilianza lini, kina wanachama wangapi na kimeshinda vikombe vingapi. Hayo yamo kwenye karatasi uliyopewa langoni, na vikombe hatuna. Kwa ruhusa yako, tutumie muda huu kukueleza jinsi ukuta huu ulivyotusumbua.

Ukuta ulianza kama adhabu. Muhula wa pili mwaka jana, kwenye foleni ya githeri, mwenzetu mmoja alimsukuma mwingine na kumwambia, “Toka hapa, Ndorobo wewe.” Waliokuwa karibu wakacheka. Mwalimu mlezi wa chama alikuwa nyuma yao na sahani yake. Hakusema neno siku hiyo. Kesho yake alituita sote, waliosukumana na waliocheka, akatupa kazi: tafuteni watu watano waliotoka katika jamii zilizotengwa wakafungua njia, mwandike maisha ya kila mmoja kwenye ukurasa mmoja, mbandike nje ya maktaba. Kurasa tano, wiki mbili. Mheshimiwa, imetuchukua mwaka mzima.

Orodha yetu ya kwanza tuliipata kwa dakika kumi. Rosa Parks, Martin Luther King, Nelson Mandela, Malala, na mmoja ambaye tulimsahau kabla ya kufika kwa mwalimu. Aliisoma akauliza, “Hawa wote walipanda matatu gani kuja Njoro?” Tukacheka, kisha tukarudi kukaa chini.

Rosa Parks lakini hakuondoka, kwa sababu mimi ninayesoma risala hii ni katibu, na niligundua kwamba naye alikuwa katibu. Nisameheni nikikaa hapo kidogo. Sisi tulikuwa tukimjua kama mama aliyechoka akakataa kusimama kwenye basi. Kumbe tangu 1943 alikuwa katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za watu weusi pale Montgomery, Marekani. Mchana alishona nguo dukani, na muda uliobaki aliandika maneno ya watu waliopigwa na kudhulumiwa. Tarehe 1 Desemba 1955 alipokataa kumpisha mzungu kiti alikuwa na miaka 42, na watu weusi wa mji ule wakasusia mabasi kwa siku 381. Wakatembea.

Tulipoendelea kusoma tukakutana na Claudette Colvin. Huyu alikuwa mwanafunzi wa miaka 15. Tarehe 2 Machi mwaka huohuo, miezi tisa kabla ya Rosa, alikataa kuondoka kwenye kiti, akaburutwa na polisi na kufungiwa. Viongozi walimwona mdogo mno wa kuwa sura ya mapambano, na baadaye alipata mimba, basi wakamwacha pembeni. Lakini kesi iliyovunja sheria ile ya mabasi mwaka 1956 ilipelekwa mahakamani na wanawake wanne, naye alikuwa mmoja wao. Jambo hili lilizua mabishano makali kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Wasichana wa Kidato cha Tatu walikataa katakata Rosa abandikwe peke yake. Ukiangalia ukurasa wa kwanza utaona picha ni ya Rosa, lakini aya ya kwanza ni ya Claudette. Kuanzia hapo tukajiwekea sheria: kila ukurasa lazima umtaje aliyetangulia mbele ya aliyetangulia.

Ukurasa wa pili ni wa Mama Grace Onyango. Mwenzetu anayetoka Kisumu alikiri mbele yetu kwamba miaka yote alidhani Grace Onyango ni jina la ukumbi. Ukumbi upo kweli, lakini mwenyewe alikuwa mwalimu, akawa meya wa Kisumu mwaka 1965, mwanamke wa kwanza nchini kushika cheo hicho, na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuingia Bunge la Kenya. Wavulana walipinga. Walisema Waluo si jamii ndogo, iweje awe ametengwa? Jibu lilitoka kwa msichana mmoja ambaye huwa hasemi: “Ingia peke yako bweni la wavulana ukatoe hotuba, halafu urudi utuambie kama wewe ni wengi.” Hoja ikapita. Mama Grace alifariki tarehe 8 Machi 2023, Siku ya Wanawake Duniani, akiwa na miaka 98.

Mekatilili wa Menza tulimwacha kwa sababu yumo katika kila kitabu cha shule. Tunajua alikamatwa na Waingereza pwani, akaletwa kufungwa huku magharibi, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Atatusamehe.

Mheshimiwa, ukurasa wa tatu unakuhusu kikazi. Ni wa Jaji Mumbi Ngugi, aliyeingia Mahakama Kuu mwaka 2011 na sasa yuko Mahakama ya Rufaa. Yeye ana ualbino, na kabla ya ujaji alikuwa mmoja wa waanzilishi wa shirika la kutetea watu wenye ualbino Afrika Mashariki. Aliyeuandika ni mwenzetu mwenye ualbino, na alitukataza kuanza na ngozi. Alituambia tuanze na kazi. Basi tumeanza na hukumu ya Aprili 2012. Watu watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walikuwa wameshtaki, wakihofia kwamba sheria ya kupambana na bidhaa bandia ingezifanya dawa zao za bei nafuu zionekane kuwa ni bandia. Jaji akasema haki yao ya kuishi na kupata afya haiwezi kuwekwa chini ya haki ya anayemiliki jina la biashara la dawa. Watatu hao nao tumewaweka kwenye ukurasa, ingawa bila majina.

Chini kabisa mwandishi wetu ameongeza mstari kwa kalamu ya kijani kuhusu msichana wa Lubao, Kakamega, mwenye ualbino, aliyeongoza taifa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2017 kwa alama 455. Mwalimu alisema haumo kwenye mpango. Mstari umebaki.

Ukurasa wa nne ni wa Henry Wanyoike, mwanariadha asiyeona, ambaye kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 alilazimika kumvuta mkimbiaji wa kumwongoza, aliyekuwa mgonjwa, hadi mstari wa mwisho na kushinda dhahabu. Huo utausoma mwenyewe, maana muda unakwenda, na ukurasa wa tano ndio uliotukalisha.

Wa tano ni wa hapa nyumbani. Yule aliyetukana kwenye foleni aliomba auandike yeye. Aliyetukanwa alikataa. Alisema, “Nitauandika mwenyewe.” Yule aliyetukana akapewa kazi ya kushika ngazi, na ameishika vizuri.

Neno Ndorobo lina asili ya Kimaasai, kuwaita watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Wenyewe wanajiita Ogiek. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 52,596, na mwenzetu alitueleza kwamba kwenye fomu ya kujiunga na Kidato cha Kwanza yeye mwenyewe alikuwa ameandika Kipsigis, ili asiulizwe maswali. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 tume ya ardhi ya wakoloni, ile ya Carter, ilipendekeza watu hawa wahamishiwe katika maeneo ya makabila mengine. Msitu wa Mau ukawa wa serikali, na wao wakawa wavamizi kwao.

Tulipanga kubandika picha ya Daniel Kobei, kiongozi wa shirika la Ogiek lililosimama na kesi ya ardhi yao hadi Arusha. Mwalimu akasema twende kwanza tukaulize nyumbani kwao. Jumamosi moja tukaenda Nessuit. Gari lilikwama, tukamalizia kwa miguu, viatu mkononi.

Mzee aliyetupokea hapendi jina lake lisomwe kwa kipaza sauti. Alitupa chai, akaingia ndani, akatoka na mkebe wa biskuti ulioanza kushika kutu. Akaufungua juu ya kigoda. Ndani mlikuwa na stakabadhi za michango, tikiti za basi, barua, na karatasi za mahakama zilizokunjwa na kukunjuliwa mpaka zikawa laini kama leso. Alizipanga moja moja kama mtu anayepanga karata, akiweka kidole kwenye tarehe. Kesi ya kwanza ilifunguliwa Nairobi mwaka 1997. Iliamuliwa Machi 2014. Ilipofunguliwa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amezaliwa, na ilipoamuliwa tulikuwa chekechea. “Tulikuwa tunakwenda,” alisema, “inatajwa, inaahirishwa, tunarudi.”

Katikati ya hiyo ikaja ilani ya Oktoba 2009 ya kuwapa siku 30 watoke msituni, na malalamiko yakapelekwa mbele ya Tume ya Afrika, kisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 26 Mei 2017, Arusha, mahakama ikasema Kenya imevunja vifungu saba vya Mkataba wa Afrika. Tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza fidia ya shilingi 157,850,000, na ardhi ipimwe, iwekewe mipaka, watu wapewe hati. Tulipomtajia mzee hesabu ya pesa alitikisa kichwa. “Pesa nimezisikia. Hati bado sijaishika.”

Tukamwambia tunataka kubandika picha ya Kobei. Akasema, “Mwekeni, amefanya kazi. Lakini waandikeni na wale tuliokaa nao kwenye benchi.” Akaanza kuwahesabu kwa vidole, na kila jina lilikuja na kitu chake. Huyu ndiye aliyekuwa akiuza asali njiani ili nauli itoshe, akiibeba kwenye mfuko wa ngozi, na mahakamani alinuka asali siku nzima. Huyu hakujua kusoma lakini alikariri namba ya kesi. Huyu alilala kwenye ngazi za stendi kwa sababu basi la mwisho lilikuwa limeondoka. Tuliandika majina kumi na moja. Tisa walikuwa wameshafariki kabla ya hukumu ya Arusha.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukurasa wa tano una picha ya Kobei upande wa juu, ndogo kuliko tulivyopanga, na chini yake majina kumi na moja. Familia zao zimeturuhusu kuyabandika. Picha za wale wazee hazipo, isipokuwa moja tuliyoitoa kwenye kitambulisho. Mwenye studio ya hapa Njoro alitutoza shilingi 150 kuikuza na akatuonya kuwa itakuwa na chenga. Ina chenga kweli. Ukisimama mbali kidogo, macho yanaonekana.

Sasa maombi yetu. Ni matatu, na moja si lako.

La kwanza ni kubwa. Mzee yule alishinda kesi ambayo hajaisoma hukumu yake. Aliyonayo ni nakala ya Kiingereza, ndefu, na sisi wenyewe tulipojaribu kumsomea tulikwama ukurasa wa nne. Tunakuomba Jumamosi moja. Uje, au umtume wakili kijana mwenye subira, tukae pamoja tuiandike kwa Kiswahili chepesi, kurasa kumi hivi, ili isomwe kwa sauti Nessuit na Mariashoni. Chai ipo.

La pili ni kinasa sauti. Kuna wazee wengine saba waliokubali kuzungumza nasi. Hadi sasa tumetumia simu ya mwalimu mlezi, na ili tupate nafasi amefuta picha za harusi ya dada yake. Hatujui kama dada anajua. Tafadhali isitoke humu.

La tatu ni la Bodi, nayo ipo hapa inatusikia. Paa la maktaba linavuja juu ya Rosa Parks. Tumemfunika na nailoni, lakini masika ni marefu.

Mheshimiwa, utepe umefungwa kwenye msumari wa kushoto, ule wa kulia ni mlegevu. Kabla ya kuukata tunakuomba jambo moja dogo. Mzee amekuja. Amekaa mstari wa pili, mwenye koti la kahawia, na mkebe uko magotini pake. Tungependa umsalimie kwanza.

Imeandaliwa na wanachama wa Chama cha Historia, na kusomwa na Katibu.