Barua kwa mwanangu: maji ya kunywa mto ukifurika

Mwanangu,

Marahaba, mama. Barua yako imefika na nimeisoma mara nyingi. Nimefurahi kusikia umepata chumba kizuri na kwamba watoto wa darasa la tatu wameshakuzoea. Ila kuna jambo moja uliloliandika kwa kupita tu, nami limeninyima usingizi: kwamba kisima cha shule kiko upande wa chini, karibu na vyoo, na maji yake ni maangavu kuliko ya bomba la huku nyumbani. Masika yamekaribia. Ndiyo maana nakuandikia sasa, barabara ingali inapitika.

Hapo Muhoro ulipopangiwa, Aprili 2024 mto Rufiji uliingia hadi ndani ya nyumba za watu, na mahali pa kupita kwa miguu pakapitwa kwa mtumbwi. Mwezi huohuo Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alilieleza Bunge kuwa mvua za msimu ule, kwa mafuriko na maporomoko, zilikuwa zimeshaua watu 155 nchini. Hao ni waliosombwa na waliofukiwa. Mimi niliyefanya kazi ya ubwana afya naogopa zaidi zile wiki zinazofuata, maji yanapoanza kushuka, watu wanarudi kufagia tope, na kila mmoja ana kiu.

Wazee wa hapo watakuambia mafuriko ni riziki, nawe wasikilize kwa heshima kwa sababu wanasema kweli. Maji yakishuka wanalima mlau, yaani kilimo cha baada ya mafuriko, kwenye udongo ulionyweshwa na mto, na mabwawa yanabaki na samaki. Serikali ilipowahamisha watu wa bondeni mwaka 1968, wengi waliendelea kushuka mashambani na kukaa kwenye madungu yao, vile vibanda vya juu vya kulindia shamba. Mto huo wanaujua kuliko mimi na wewe. Lakini shibe ya shamba ni jambo moja na usalama wa maji ya kunywa ni jambo jingine.

Fikiria kinachotokea chini ya ardhi. Shimo la choo linajaa, maji yanalichanganya, yanapenya udongoni na kukifuata kisima. Mchanga unachuja tope, kwa hiyo kisimani yanatokea maji maangavu kabisa, na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo vimo humo humo. Jicho halivioni, ulimi hauvionji. Kisima kilichoingiwa na mafuriko, au kilicho jirani na choo kilichofurika, msinywe maji yake hata yang'ae vipi, mpaka maji ya nje yashuke, kisima kikaushwe, kisafishwe, kitiwe klorini na mafundi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, au bwana afya wa kata, kisha kipimwe. Mwambie mwalimu mkuu mapema, kabla ya mvua.

Basi mtachota wapi? Kwanza angalia juu. Masika yenyewe yanaleta maji, na shule ina mabati. Mvua ya mwanzo iache ioshe vumbi na vinyesi vya ndege, halafu ndipo mkinge, kwenye vyombo safi vyenye vifuniko. Hayo nayo yatibiwe, ila kazi yake ni ndogo. Pili ni kisima kirefu cha pampu kilicho mwinukoni ambacho mafuriko hayakukifikia. Maji ya mto ni ya mwisho kabisa, na asitumwe mtoto kuyachota, kwa sababu mamba wa Rufiji hupanda na mafuriko. Na popote mtakapoona utando wa mafuta juu ya maji, au mtakaposikia harufu ya dawa za mikorosho iliyotoka kwenye ghala lililozama, yaacheni. Sumu ya namna hiyo haiondoki kwa moto wala kwa kidonge.

Sasa sikiliza hili vizuri, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Maji ya tope yana kazi mbili, na lazima zifuatane. Kwanza unaondoa tope, kisha unaua vijidudu. Ukitia klorini kwenye tope, nguvu yake inaishia kwenye tope na vijidudu vinabaki. Ukiondoa tope ukaishia hapo, umepata maji mazuri ya kutazama tu.

Kuondoa tope, yaache maji yatulie kwenye ndoo, uyamimine polepole kupitia kanga. Chukua kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kujaza matundu, ikunje katikati mara tatu ipate tabaka nane. Usiidharau njia hii. Huko Bangladesh, mwanasayansi Rita Colwell na wenzake waliwafundisha wanawake wa vijijini kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa hivyo, na utafiti wao uliotoka mwaka 2003 ulionyesha kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu. Vijidudu vyake hujishikiza kwenye wadudu wadogo wa majini, na wadudu hao ndio wanaonaswa na kitambaa. Kanga yenyewe uifue na kuianika juani kila baada ya kazi.

Tope likiwa zito, tumia mlonge. Mbegu ziwe za maganda yaliyokauka mtini. Menya, twanga kiini cheupe kiwe unga, ukoroge na maji kidogo. Punje moja kwa kila lita, na maji yakiwa mazito sana punje mbili. Mimina kwenye ndoo ya maji, koroga haraka kwa dakika moja, kisha taratibu kwa dakika tano au zaidi, uache saa moja au mbili. Tope litashuka chini lenyewe. Kinga ya juu, uyachuje, uyatibu siku hiyohiyo, kwa maana mabaki ya mlonge yakilala majini yanayaharibu.

Kuua vijidudu, kuchemsha ndiko ninakokuamini kuliko kote: yachemke kwa mapovu makubwa kwa dakika nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa. Lakini najua kuni zitakuwa zimelowa. Weka gunia la mkaa darini leo, usingoje. Mkikosa moto, tumieni vidonge vya klorini kama WaterGuard, na kila kidonge kina ujazo wake. Misaada ikija italeta vya aina tofauti, vya lita moja, vya lita 5, vya lita 20, vyote vyeupe na vinafanana. Soma pakiti kila mara, na uwaeleze watu kwamba kidonge kinatiwa majini, hakimezwi. Ngojeni nusu saa kabla ya kunywa. Atakayelalamikia harufu, mwambie ayamimine huku na huku kati ya vyombo viwili safi baada ya ile nusu saa.

Vikiisha hata vidonge, chukueni chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, mjaze maji yaliyokwisha kuchujwa, mzilaze juu ya bati saa sita za jua kali. Mawingu yakitanda, siku mbili. Kujua kama maji yanafaa kwa njia hii, weka chupa wima juu ya gazeti na utazame kwa juu: usipoweza kusoma herufi kubwa za chini yake, rudi kwenye kanga.

Maji salama huharibiwa na kikombe kichafu. Ndoo iwe na kifuniko na koki, mkono wa mtu usizame ndani. Na mtoto akianza kuhara maji maji, mpe hapohapo ORS, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka zahanati.

Nakuandikia kwa urefu kwa sababu mafuriko yakija, shule ndiyo itakayogeuzwa kambi, na wewe mwalimu ndiwe utakayeulizwa na akina mama wenye watoto mgongoni.

Kwa basi la Jumamosi nakutumia ndoo mbili zenye koki, vidonge vya lita 20, na mfuko wa mbegu za mlonge za ule mti wa mama yako. Nijibu upesi: kisima kiko hatua ngapi kutoka vyooni, kina mfuniko au hakina, na kisima kirefu cha karibu kiko wapi. Nikishajua nitampigia bwana afya wa kata yenu.

Ni mimi baba yako.