Barua ya wazi kwa makatekista vijana: uacheni mfano wa maji na barafu

Kwenu wanangu makatekista wa vigango vyetu vya Pwani,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimefundisha wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, miaka thelathini na miwili. Sasa magoti yamekataa, naketi benchi la nyuma nikiwasikiliza. Mnafundisha kwa moyo, na watoto wanawapenda. Lakini liko jambo moja linaloninyima usingizi, na naliandika hadharani kwa sababu wengi wenu mlilipata kwangu.

Nasema ule mfano wa maji. Maji, barafu, mvuke: sura tatu, kitu kimoja, basi ndivyo ulivyo Utatu Mtakatifu, Mungu mmoja katika nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kila mwaka niliuchora ubaoni, sufuria, bonge la barafu, mvuke ukipanda, na darasa zima likaitikia ndiyo. Mpaka Jumamosi moja binti wa miaka kumi au kumi na mmoja, aliyekaa karibu na dirisha, akanyoosha mkono. "Mwalimu, Yesu alipokuwa anasali bustanini, alikuwa anamwomba nani?"

Nilibaki na chaki mkononi. Kama Mwana ni Baba aliyegeuka sura, jinsi maji yanavyoganda, basi kule Gethsemane Yesu alikuwa anazungumza peke yake, na yale machozi hayakumfikia mtu. Mtoto yule alikuwa ameona kosa ambalo Kanisa lilikwisha kulikataa karne ya 3, lilipofundishwa na mwalimu mmoja, Sabelio, mjini Roma. Mimi nilikuwa nalirudia kila mwaka, kwa chaki za rangi.

Wengine wenu mnatumia mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Huo unaangukia upande wa pili. Figa ni jiwe. Ukiliondoa moja, mawili yanabaki, kila moja jiwe kamili. Jirani yetu Mwislamu akisikia hayo na kusema mnaabudu miungu watatu, hajawasingizia. Amesikia mlichosema.

Fundisheni maneno ya Nasadiki yenyewe, sala yetu ya kukiri imani. Msiyapite mbio kama mtu anayekimbilia matoleo, kwa maana kila neno pale lina jeraha lake.

Chukueni "aliyezaliwa bila kuumbwa". Ario, padre wa Aleksandria huko Misri, hakuwa mtu wa mzaha. Aliyajua Maandiko, aliishi kwa kujinyima, na alitaka kuulinda umoja wa Mungu. Lakini alimlinda Mungu kwa kumshusha Mwana: ni kiumbe, alisema, cha kwanza na bora kuliko vyote, ila kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Mafundisho yake yakatiwa katika nyimbo, watu wakaziimba. Mwaka 325 Kaisari Konstantino akawaita maaskofu Nisea, mji unaoitwa leo Iznik, nchini Uturuki. Mapokeo yanawahesabu 318. Atanasi, aliyekuwapo akiwa shemasi kijana, anaeleza taabu yao: kila neno la Biblia walilolileta, upande wa Ario walilipokea na kulipa maana yao. Ndipo mababa wakashika neno la Kigiriki lisiloandikwa popote katika Biblia, homoousios, ambalo sisi tunalisali "mwenye umungu mmoja na Baba". Walilichukua ili lile lililomo ndani ya Biblia lisipotoshwe. Atanasi akawa askofu, na kwa kulishikilia neno hilo alifukuzwa mjini kwake mara tano, miaka kama 17 ya uhamishoni kwa jumla.

Jirani akikuuliza Mungu anazaaje, usikasirike. Mwambie kuzaliwa huku hakuna mama, hakuna mwili, hakuna siku ya kwanza; tunasali "tangu milele yote". Na uanze pale Nasadiki inapoanzia: Mungu mmoja.

Mtasema, mababa nao walitumia mfano. Kweli, umo katikati ya sala: mwanga kwa mwanga. Waraka kwa Waebrania unamwita Mwana mng'ao wa utukufu wa Mungu, na jua halijapata kuwako hata siku moja bila mng'ao wake. Huo utumieni, ila msiukamue.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya Roho Mtakatifu. Nasadiki ya Nisea ilimtaja tu na kuishia hapo. Kisha wakatokea watu waliosema Roho ni mtumishi, si Bwana. Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, alikuwa akisali Baba atukuzwe pamoja na Mwana, pamoja na Roho Mtakatifu, na watu wakamshtaki kwa ajili ya neno hilo, "pamoja". Aliandika kitabu kizima kulitetea. Alifariki mwaka 379. Miaka miwili baadaye Mtaguso wa Konstantinopoli, mkutano mwingine wa maaskofu, ukatamka: "anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana". Kwa hiyo mtoto anapoinama kusema Atukuzwe Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, ameshakiri imani ile ile hata kabla hajajua kusoma. (Maneno "na Mwana" baada ya "atokaye kwa Baba" yaliongezwa baadaye katika Kanisa letu la Magharibi, na ndugu zetu Waorthodoksi hawayasemi. Hayo ni ya barua nyingine.)

Neno "nafsi" nalo lisiwatishe. Agostino, askofu wa Hippo, aliandika kwamba tunasema nafsi tatu si kwa sababu neno linatosha, bali ili tusinyamaze kabisa. Mwambieni mtoto hivyo hivyo. Ataelewa. Asichokielewa ni mwalimu anayejifanya ameshafika mwisho.

Jumamosi hii anzeni mtoni Yordani, Mathayo sura ya 3. Mwana yumo majini, Roho anashuka kama njiwa, sauti ya Baba inatoka mbinguni, yote kwa wakati mmoja. Wasomeeni polepole, kisha waacheni waulize.

Madaftari yangu yako kwenye kabati la sakristia, rafu ya chini. Chukueni. Ukurasa wenye sufuria na barafu nimeuchana.

Mzee wenu wa benchi la nyuma