Teja ni mgonjwa, tusimpige

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni. Mdogo wangu alitumia unga, yaani heroini, miaka minne na sisi nyumbani tulikuja kushtuka tumechelewa, tulikuwa tunaona vijiko vinapotea tukadhani ni watoto, kumbe viko chini ya godoro lake, vimeungua vyeusi kwa chini kwa kuchemshia unga. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikimkamata usiku anatetemeka, makamasi na machozi yanamtoka, anajikunja, anaomba hela ya kete moja tu.

Watu wanasema hataki kuacha. Jamani, unga unabadilisha ubongo, mwili unazoea mpaka bila hiyo kitu mtu anaumwa kweli kweli! Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilikadiria watu milioni 292 duniani walitumia madawa ya kulevya mwaka 2022, na milioni 64 hivi wana tatizo la uraibu, ila anayepata matibabu ni 1 kati ya 11. Hao wengine wako vichochoroni, wanapigwa.

Na hili wengi hawalijui, mtu akikaa miezi bila kutumia halafu akarudia kipimo kile kile cha zamani anaweza kufa, mwili ushasahau. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, ikiwahi inaweza kumrudishia pumzi. Methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya unga, nayo inasaidia, mdogo wangu anakunywa kila siku, huu ni mwezi wa nane tangu aanze, jana nimemtuma dukani na chenji kanirudishia yote.

Dada mtu