Mhariri, si kila kipigo ni "kujeruhi"

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kila siku lakini kuna kitu kimenikwama kooni. Stori zenu za kortini, kila mtu "amejeruhi" mwenzake. Aliyechomwa kisu amejeruhiwa, aliyevunjwa taya amejeruhiwa, hadi aliyezabwa kofi naye amejeruhiwa! Na shtaka limesomwa kwa Kizungu, na Kizungu cha sheria kina neno lake kwa kila namna ya kuumia, hakiyachanganyi.

Mimi nilifunzwa na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza mtu akipigwa. Ndugu yangu mdogo alipigwa na jirani na mpini wa jembe wakigombania mpaka wa shamba, mkono ukavunjika hapo chini ya kiwiko, damu hata tone hakuna. Nikajua kesi ni ndogo, si ngozi iko sawa? Kumbe wapi. Daktari akajaza "grievous harm", yaani madhara makubwa, na fomu yenyewe imeandikwa maana: "harm" ni kuumia au ugonjwa wowote wa mwili hata kama ni wa muda tu, "maim" ni kiungo kuharibika kisifanye kazi tena, halafu hiyo "grievous" inabeba kulemazwa, kuhatarishwa maisha, sura kuharibika daima, na madhara mengine makubwa ya mwili. Sasa "wound", ambayo ndiyo jeraha letu hasa, ukisoma kifungu cha 4 cha sheria yetu ya adhabu hapa Kenya lazima ngozi au utando mwingine wa nje wa mwili ukatwe au utobolewe. Yaani huyu ndugu yangu na mkono wake kwa plasta, kisheria hakujeruhiwa, na bado aliyempiga ana kifungu cha 234 ambacho kinaweza kumpeleka jela maisha. Ile ya kushambulia na kuumiza tu, kifungu cha 251, ni miaka mitano. Nyinyi mkiandika "alimjeruhi" msomaji atajuaje ni gani?

Halafu hiyo "damages" jameni. Gari likigongwa hiyo ni "damage", dereva akiumia ni "injury", lakini "damages" ya korti si wingi wa uharibifu, ni pesa, ni fidia! Juzi nimesoma eti mlalamishi "alipewa uharibifu", nikacheka peke yangu kwa matatu watu wakanitazama.

Andikeni aliumiza vibaya, alilemaza, alivunja mkono, Kiswahili kimejaa. Kesi ya ndugu yangu inatajwa tena wiki ijayo, mkituma mwandishi mwambieni aulize kwanza shtaka ni la kifungu gani.

Msomaji wenu, Kitale